Pikipiki Iliyogoma Nyumbani Tu

Soma mpaka mwisho ndipo umpelekee mwenzako. Usimpelekee kila mtu. Mpelekee yule unayemjua wewe, anayetia kufuli hata kwenye ndoo ya maji.

Palikuwa na mzee mmoja, mkulima wa machungwa, jina lake Kibwana. Alikuwa na mke, Mwanaidi, na walioana wote wawili wakiwa hawana mvi hata moja. Na alikuwa na pikipiki. Nimemtaja mke kwanza kwa adabu tu. Kibwana mwenyewe angeanza na pikipiki.

Ilikuwa pikipiki ya zamani, ya kupiga kiki. Wekundu wake ulikuwa umechakaa ukawa rangi ya tofali. Tangi lina bonde ubavuni, kiti kimeshonwa kwa uzi wa magunia. Lakini ikiwaka! Kiki moja, puu, moshi wa bluu, na mzee huyo anakwenda zake sokoni na tenga la machungwa nyuma.

Basi siku moja zikaja habari kwamba kijiji cha pili kumeibwa pikipiki. Mpya, ya kijana mmoja aliyeiacha nje ya kilabu na ufunguo wake mle mle. Mtu mwenye akili angesema huyo kijana kajitakia. Kibwana yeye alisema, "Sasa wanakuja kwangu."

Nani aje kuiba tofali lile? Lakini ukishaanza kuogopa, mali yako inapanda thamani kila usiku.

Akatafuta mnyororo. Si mnyororo wa baiskeli. Ni ule mzito wa kuvutia magogo, uliobaki shambani tangu zama za mashamba ya mkonge. Akauzungusha shingoni mwa pikipiki, pale chini ya usukani, akaukaza kwa kukanyaga na mguu, akaupitisha kwenye nguzo ya banda, akapiga kufuli. Juu yake akatupia turubai. Ufunguo akaufunga kiunoni. Alioga nao, alisali nao.

Akamwambia mkewe, "Habari ya mnyororo huu asiijue mtu. Anayejua umefungwaje ndiye anayejua unafunguliwaje."

Mwanaidi akasema, "Haya."

"Hata ndugu yako asijue."

"Nimesema haya, Kibwana."

Haukupita muda pikipiki ikaanza kugoma. Asubuhi mzee anafungua mnyororo, anauficha nyuma ya matenga, anapiga kiki. Kimya. Anapiga tena. Kimya. Anapiga mpaka kofia inadondoka na goti linamlaani. Pikipiki imetulia tu kama ng'ombe anayecheua.

Akaisukuma mpaka kwa fundi Shekue, pale njiapanda ya sokoni. Njia ile mnaijua zilivyo njia zetu, shimo baada ya shimo. Alifika fulana imemganda mgongoni.

Shekue alikuwa fundi mzuri na mdomo mrefu kuliko spana zake. Akachomoa plagi, akailaza juu ya injini, akapiga kiki. Cheche ikaruka, bluu, nzuri.

"Mzee, umesema haina moto?"

"Haina."

"Na hiki ni nini? Moto huu unawashia sigara."

Akarudisha plagi, akapiga kiki moja. Puu. Moshi. Watu wa njiapanda wakacheka, Kibwana akapanda akarudi nyumbani amenuna.

Kesho yake, kimya.

Akaisukuma tena. Shekue akabadilisha plagi. Ikawaka. Kesho yake, kimya. Akasafisha kabureta na kumwaga petroli ya zamani. Ikawaka. Nyumbani, kimya. Akatia betri nyingine, akakagua fyuzi, akabadili koili iliyo chini ya kiti. Kwa fundi inanguruma kama simba wa hadithi, kwa mwenyewe haina hata kikohozi.

Fundi akaweka spana chini, akakuna kichwa.

"Mzee, hebu nieleze. Ukifika nyumbani unaifanyia nini?"

"Naiegesha."

"Unaiegesha tu?"

"Unataka niipikie?"

"Nauliza kwa sababu ugonjwa unaopona njiani si ugonjwa wa kabureta. Inapolala, inalalaje? Inanyeshewa? Imeegemea kitu? Kuku wanalala juu yake?"

Hapo ndipo Kibwana alipomtazama fundi kwa jicho la pembeni. Moyoni akasema, ahaa. Huyu anataka kujua pikipiki yangu inalalaje. Leo anauliza inavyolala, kesho atauliza na mimi nalala saa ngapi.

"Inalala," akajibu. "Kama pikipiki nyingine."

Akaondoka. Na njia nzima akawa anahesabu dhambi za Shekue. Kwa nini iwake kwake tu? Si kwa sababu yeye ndiye anayeifunga isiwake kwingine? Mafundi hawa. Anakutengenezea huku, anakulegezea kule, ili urudi.

Usiku huo aliukaza mnyororo zaidi, akauzungusha mara ya pili.

Kisha akafa mtu kijiji cha juu, na Kibwana akaisukuma pikipiki kwa fundi kwanza, ikawaka, akapanda kwenda kuzika, akalala kilioni. Mnyororo aliuacha nyumbani. Si kwamba hakuutaka. Lakini kufunga chombo chako kwa mnyororo kwenye nyumba ya msiba ni kumwambia mfiwa kwamba wageni wake ni wezi, na hata Kibwana hakuwa amefika huko. Pikipiki ikalala wazi kando ya ukuta, watoto wakaichezea, mbuzi wakailamba. Asubuhi, kiki moja, puu.

Mtu mwingine angejiuliza, nyumbani kuna nini ambacho hapa hakipo? Naye alijiuliza. Ila hakusema "nini." Alisema "nani."

Akaanza na jirani yake, Ngoda. Ngoda huyu alikuwa rika lake na mtani wake tangu utotoni, na kila akiona pikipiki ile alikuwa akisema, "Kibwana, ukiichoka niuzie. Nitachukua hata taa peke yake." Kwa miaka yote Kibwana alikuwa akicheka. Sasa akayasikia maneno yale upya. Mtu gani anataka taa? Anayetaka taa anataka na kingine.

Lakini banda lilikuwa ndani ya ua, na ua ulikuwa na mlango, na mlango ulifungwa kwa ndani. Kibwana akakaa akafikiri. Ndani ya ua analala yeye. Na analala Mwanaidi.

Akakumbuka kwamba wiki ile mkewe alimwambia, "Hiyo pikipiki inakuchosha, mume wangu. Ungepumzika." Akakumbuka pia kwamba Mwanaidi hakupenda safari zake za sokoni zilizokuwa zikirefuka. Akaunganisha. Ukitaka kuunganisha hukosi uzi.

Asubuhi moja, baada ya kiki nyingi za bure, akamwita.

"Mwanaidi, unataka nikae nyumbani, sivyo?"

"Ukae ufanye nini? Unikanyagie unga?"

"Nakuuliza. Unaifanya nini pikipiki yangu?"

Mwanamke yule alikuwa anapepeta mchele. Akatua ungo.

"Rudia."

"Kwa fundi inawaka. Kilioni imewaka. Hapa haiwaki. Hapa tuko wawili. Mimi siyo. Amebaki nani?"

"Na ule mnyororo uliosema asiujue mtu, nani kaufunga? Mimi nina ufunguo?"

"Usinipeleke kwenye mnyororo. Mnyororo ndio unaonisaidia. Bila mnyororo ungeshafanya makubwa."

Mwanaidi akacheka, kile kicheko ambacho si cha furaha. Kibwana akakiona kile kicheko kuwa ni ushahidi.

"Nitakwenda kwa Maalim," akasema. "Isomwe albadiri. Ijumaa baada ya swala tutamjua. Na ikibainika ni wewe, usirudi humu hata kuchukua kanga."

"Na ikiwa si mimi?"

Kibwana akatazama pembeni. Alitoka kama mtu aliyesahau kitu nje.

Kwa asiyejua, albadiri ni kisomo kizito cha kumshitaki mbaya wako asiyejulikana. Watu wanakiogopa, maana husemwa kinamfurisha tumbo mwenye hatia. Ukitangaza tu kwamba utakisoma, kuku walioibwa hurudi wenyewe, wengine wakiwa tayari wamenyonyolewa.

Maalim Semkiwa alikuwa mtu mpole, mwenye subira, na hakupenda kazi zile. Akamwambia, "Kibwana, mimi sijapata kusoma kwa ajili ya pikipiki."

"Soma, Maalim. Nimechoka kuishi na mbaya."

"Kisomo hiki hakina breki. Kikishatoka, hakiulizi nani alikilipia nauli. Kinakwenda kwa mwenyewe."

"Ndicho ninachotaka. Kiende kwa mwenyewe."

Maalim akasema, "Vyema. Lakini kwanza kila mmoja ataapa. Nawe utaapa. Tena utaanza."

"Mimi? Mimi ndiye niliyeharibiwa!"

"Anayeshitaki anaapa pamoja na anayeshitakiwa. Hutaki, nenda kwa mwingine."

Ijumaa ikafika. Baada ya swala watu hawakutawanyika. Nani aondoke wakati kuna jambo? Walijaa uani kwa Maalim. Fundi Shekue aliitwa, akaja na mikono yake ya grisi. Ngoda aliitwa, akaja amevaa kanzu yake ya Idi, anasema anataka akifura afure akiwa nadhifu. Mwanaidi akaja na kaka yake, Mbaruku, wakakaa upande mmoja. Chini ya kiti alichokalia Mwanaidi kulikuwa na bahasha ya kaki, ndani yake kanga mbili zimekunjwa. Alikuwa amezichukua mapema, asije akakatazwa baadaye.

Kibwana akaja na pikipiki. Aliisukuma kutoka nyumbani, mashimo yale yale, na karibu na kwa Maalim akajaribu kiki, ikawaka. Akaingia nayo uani inanguruma, kifua mbele.

"Mmeona?" akasema. "Ikitoka kwangu tu, nzima!"

Akaizima. Kisha akatazama kulia, akatazama kushoto. Shekue yule. Ngoda yule. Mke yule. Washitakiwa wote wako hatua chache na mali yake. Siri ya mnyororo ikapigana na hofu ya wale watu, hofu ikashinda. Akautoa mnyororo kwenye gunia alilokuja nalo, mbele ya kadamnasi.

Watu wakaguna. Ngoda akasema, "Loo! Unafunga pikipiki au unanasa kiboko?"

"Nyamaza. Wewe ndiye unayetaka taa."

Akauzungusha shingoni mwa pikipiki mara mbili, akaukanyaga ukakaza, akaupitisha kwenye nguzo ya kibaraza cha Maalim, akapiga kufuli. Shekue alisimama. Akafungua mdomo. Maalim akamwashiria akae, jambo la kiapo limeshaanza.

"Aanze mwenye mali."

Kibwana akaosha mikono, akasimama. Sauti yake ilifika barabarani.

"Aliyetia mkono wake akaiharibu pikipiki hii, awaye yote, tumbo lake lifure!"

"Imetosha," akasema Maalim.

"Haijatosha!" Kibwana alikuwa amemkazia macho mkewe. "Na nyumba yake ivunjike! Apike mwenyewe, ale mwenyewe!"

"Amina," akasema Mwanaidi.

Alisema kwa nguvu mpaka watu wakageuka.

Akaapa Ngoda. Akaapa Shekue. Mwanaidi akaapa, maneno yale yale, hakupunguza hata moja. Wakati wote huo pikipiki ilisimama pale katikati ya watu, juani, imefungwa. Hakuna aliyeisogelea. Hata kuku hakupita.

Maalim hakufungua kitabu. Akasema, "Kabla sijasoma, Kibwana, hebu iwashe. Nataka kuona chombo kinachosomewa."

"Itawaka tu, Maalim. Hapa si kwangu."

Akafungua kufuli, akauondoa mnyororo, akapanda, akapiga kiki.

Kimya.

Akapiga tena. Kimya. Uani pakawa kimya zaidi ya pikipiki.

"Nani ameigusa?" akauliza Kibwana. Sauti ilikuwa imepungua.

Ngoda akasema taratibu, "Ndugu yangu, sote tulikuwa tunaitazama. Aliyeigusa ni wewe."

Shekue hakungoja ruhusa tena. Akaja, akalegeza nati, akainua tangi lile lenye bonde. Pale shingoni, chini ya usukani, palikuwa na kifurushi cha waya, na waya zile zilikuwa zimeng'atwa. Mpira wake wa juu umetafunika, shaba inang'aa. Fundi akachukua mnyororo, akaulaza juu yake. Pingili zikakaa kwenye zile alama kama meno kwenye muhindi.

"Mzee," akasema, "ukikaza hapa, waya unabanwa kwenye chuma. Moto badala ya kwenda kwenye plagi unaingia kwenye bodi. Utapiga kiki mpaka mguu uote kutu. Ukiisukuma mpaka kwangu, mashimo yale yanacheza usukani, waya unaachia, na mimi naonekana mganga. Hapa sijapata kufungua, kwa sababu hapa hapaharibiki penyewe. Nilikuuliza inalalaje!"

Kibwana aliuangalia mnyororo. Kisha akashika tumbo.

Sikufanyieni mchezo, wote waliona. Mkono wake ulikwenda wenyewe ukashika tumbo, akawa analibonyeza, kutazama kama limeanza.

"Maalim, sikujua! Niliapa bila kujua!"

"Sijasoma," akasema Maalim. "Umeapa tu. Kiapo kinaweza kuondoka ukipewa radhi na wote uliowashuku. Waombe, mmoja mmoja."

Akaanza na fundi, akiwa amevua kofia. Shekue akasema, "Nimekusamehe, mzee. Siku nyingine ukienda kwa daktari mwambie na unachokula."

Akaenda kwa Ngoda. Ngoda akamshika bega. "Nimekusamehe. Na taa bado naitaka."

Watu wakacheka, pumzi zikarudi. Shekue wakati huo alikuwa amekata vipande vya mpira wa tyubu, anazizungushia zile waya, anazifunga moja moja. Akarudisha tangi. Kiki moja, puu, moshi wa bluu ukajaa uani.

Kibwana akapata nguvu kwa ule mlio. Akamwendea mkewe.

"Mwanaidi, nisamehe."

Mwanaidi akasimama. "Nimekusamehe, mbele ya Maalim na watu wote hawa. Tumbo lako lisifure."

Mzee akashusha pumzi, akatabasamu, akapigapiga kiti cha nyuma kwa kiganja. "Basi panda, twende nyumbani."

Mwanaidi akakitazama kile kiti. Akainama, akachukua bahasha yake.

"Nilikuuliza, Kibwana. Na ikiwa si mimi? Hukunijibu."

"Nilikuwa na hasira, mke wangu."

"Leo umejijibu mwenyewe. Maalim alikwambia imetosha. Wewe ukasema haijatosha."

Akakaza kanga kiunoni, akashika njia ya kwa kaka yake. Hakulia, hakukimbia. Mbaruku akamfuata nyuma amebeba viatu vya dada yake. Pikipiki ilikuwa bado inanguruma, hakuna aliyekumbuka kuizima.

Tumbo la Kibwana halikufura mpaka leo. Linazidi kupungua, maana anapika mwenyewe, na hajui kupika. Pikipiki haifungwi tena na chochote, inalala banda wazi, na kila asubuhi inawaka kwa kiki moja. Akishaiwasha huenda mahali pamoja tu, kwa shemeji yake, kubisha hodi.

"Nani?" huuliza Mwanaidi kutoka ndani.

"Mimi, Kibwana."

"Kibwana yupi? Tutajuaje kama ni wewe?"

Naye hukaa kwenye jiwe la mlangoni, kofia mkononi, akisubiri wamchunguze.

Funzo: Chombo chako kikigoma, kabla hujauliza nani kakiharibu, tazama kwanza wewe mwenyewe unakilaza vipi, na fundi usimfiche. Waya uliotafunwa huvishwa mpira ukafanya kazi siku hiyo hiyo, lakini mtu uliyemshuku bure hakuna mpira wa kumvisha.